Kiota cha We-Maran

2 Desemba

Lori la kwenda mji mkuu, Dili, limepita asubuhi likiwa karibu tupu. Dereva alipunguza mwendo mbele ya nyumba akaniuliza kama napanda, maana mto ukijaa barabara itakatika na yeye hatarudi mpaka mvua zipungue. Nilimwambia aende. Paa la nyumba ya marehemu mama limeezekwa upande mmoja tu, na redio imenipa likizo ndefu baada ya miaka mingi ya kusoma habari za watu wengine. Nitakaa msimu mzima.

5 Desemba

Mvua. Fundi hakuja. Nimekula mahindi na majani ya mpapai.

9 Desemba

Binamu yangu Ermelinda Hoar, anayekaa nyumba ya pili kutoka kwangu, ameumwa na mamba.

Naandika nilichokiona na nilichoambiwa, kila kimoja mahali pake. Niliona mguu wa kushoto, kwenye shavu la mguu: matundu upande huu na upande ule, nyama imechanika, mfupa mzima. Nilimshika mabega wakati muuguzi wa zahanati anashona. Nilichoambiwa na yeye mwenyewe, akiwa ameuma pindo la kanga ili asipige kelele: alikuwa anasukuma wavu wa uduvi kandokando ya matete ya ziwa We-Maran, maji yakimfika magotini. Mamba alitokea upande wa nchi kavu, ndani ya matete, si majini. Alimshika, akamwachia. Kisha hakuondoka. Alibaki pale mdomo wazi akipuliza, na Ermelinda akarudi nyuma kwa makalio mpaka alipopata mchanga.

Mtu anayeumwa na mamba huulizwa swali moja hapa kwetu. Felismina, mkunga wa kijiji, alikuwa wa kwanza kuliuliza, na damu ilikuwa haijaoshwa.

"Ermelinda, mwenzangu, umefanya nini?"

"Nimevua uduvi."

"Najua. Nakuuliza umefanya nini."

Kwenye ziwa letu hakuna anayemwita mamba kwa jina lake. Ni Babu. Sisi ni wajukuu, na Babu hamgusi mjukuu asiye na kosa.

12 Desemba

Klau Nahak amekuja. Ni mume wa Felismina na msemaji wa nyumba takatifu ya ukoo wetu. Neno lake likitoka, limetoka. Siku nyingine zote anaziba pancha za pikipiki, na vidole vyake haviishi weusi. Alikaa barazani kwa Ermelinda, akafungua kifuko cha tambuu, akamkatia kipande cha popoo.

"Mguu vipi?"

"Unauma."

"Utauma mpaka useme."

"Niseme nini, baba?"

"Wewe ndiye unayejua. Babu hakuuma kwa njaa. Samaki anao, nguruwe mwitu anao. Akimgusa mjukuu pana jambo. Uliiba? Ulilala na mume wa mtu?"

"Katika kijiji hiki? Nani huyo? Wewe, na meno hayo?"

Klau alicheka mpaka tambuu ikamtoka. Kisha akajifuta na uso ukarudi ulivyokuwa.

"Cheka, mwanangu. Lakini ziwa limefungwa kwako mpaka ufungue mdomo."

Ermelinda ni mjane. Uduvi anaoukausha ndio unaomlisha. Shamba lake la mpunga ni ukanda mmoja tu, nao uko ukingoni mwa ziwa hilohilo. Klau anayajua hayo yote. Nilimwona mtu katili.

15 Desemba

Leo zamu ya mkuu wa kijiji, Agapito. Kijana, shati limepigwa pasi, simu mbili.

"Mama Ermelinda, usijitese na mambo ya kale. Huyo hakuwa Babu. Huyo ni mgeni, wa Australia. Kule wamewalinda mpaka wamefurika, sasa wanaogelea kuja kwetu kufanya fujo."

"Umejuaje?" nikamwuliza. "Alikuonyesha pasipoti?"

"Dada wa redio, acha utani. Nimeshawapigia polisi. Barabara ikifunguka watakuja na bunduki. Mama aseme tu mbele ya watu: yule sura yake siijui, ni mgeni. Basi. Atapigwa risasi, mama yuko huru, kijiji kiko huru."

Nilimpenda leo. Ameleta mlango wa kutokea usio na aibu. Na maneno yake si upuuzi mtupu. Mamba wa maji chumvi huvuka bahari. Haogelei kwa nguvu. Hujiachia mkondo umchukue, mkondo ukigeuka hupanda ufukweni akangoja. Ulimini ana vitundu vinavyotoa chumvi mwilini. Anaweza kukaa majuma bila chakula na moyo ukapiga polepole kama mtu anayesahau kuupiga. Anaweza kuja kutoka kule. Ila kwamba huyu alitoka kule, hakuna ushahidi.

Agapito alipoondoka, Ermelinda alisema, "Ana harufu nzuri, mtoto yule."

20 Desemba

Mvua ilipungua, nikaenda kwenye shamba la Ermelinda kuwafukuza ndege badala yake. Ulingo wake umesimama kwenye nguzo ndefu, na mtu akiwa juu huona hadi ndani ya matete.

Kuna tuta. Matete na manyasi yamekokotwa yakarundikwa, kimo cha kiuno, upana kama kitanda. Kando yake kuna dimbwi la tope. Nilitazama dimbwi muda mrefu kabla sijagundua kwamba lilikuwa linanitazama. Macho mawili, pua, na nyuma yake mgongo wa rangi ya tope lenyewe. Mbwa alipita mbali kwenye tuta la mpunga. Kichwa kikageuka kumfuata, taratibu, mpaka mbwa alipopotea, kisha kikarudi mahali pake. Nilikaa mpaka mvua ikarudi. Sikuona jambo lingine lolote, na sikuchoka.

Miaka fulani nilifuatana na watafiti waliokuwa wakihesabu mamba pwani ya kaskazini, na najua tuta la namna hiyo ni nini. Mayai yako ndani. Urefu wake mamba huyu nakadiria mita mbili na nusu, labda zaidi kidogo. Babu wa We-Maran, wanavyosimulia waliowahi kumwona mzima, anafika mita tano. Majike hayafiki huko.

Nilimweleza Ermelinda.

"Kwa hiyo alikuwa ananifukuza tu?"

"Alitoka nchi kavu, akauma, akaachia, akasimama. Mwenye njaa haachii."

"Kwa hiyo unajua."

"Najua kwamba pale pana kiota. La siku ile sikuwepo."

"Wewe na ukweli wako wa vipande vipande," akasema, akanigeuzia mgongo.

Maji: yamegusa kipandio cha kwanza cha ngazi ya ulingo.

25 Desemba

Misa. Sahani za Krismasi zilipita mbele ya nyumba ya Ermelinda kwenda kwa majirani, zikapita tena kurudi.

28 Desemba

Mvua siku zote hizi. Ziwa limetenganishwa na bahari na ukanda wa mchanga. Kila msimu maji yakijaa, kijiji kizima huingia majini kwa pamoja kuuchimba, ziwa likatoka kwenda baharini na mpunga ukapona. Lakini hakuna anayeingia majini wakati kuna kesi kati ya watu na Babu. Kwa hiyo majembe yamelala. Yanamsubiri Ermelinda.

Maji: kipandio cha kwanza hakionekani.

3 Januari

Mvua. Mto umekula barabara. Agapito anapandisha simu zake juu ya mnazi kutafuta mtandao.

6 Januari

Tumeitwa nyumba takatifu. Ermelinda alikuja na gongo, akakataa kushikwa mkono.

Klau alisimama. "Maji yanapanda. Mpunga wa watu unazama. Ermelinda, watu wote hawa wanakungoja wewe."

"Au aseme ni mgeni," akadakia Agapito, "tumalize."

Wanawake nyuma yangu walianza. "Sema tu, dada. Sema lolote." "Mwanangu atakula nini, heshima yako?"

Ermelinda aliegemea nguzo.

"Mnataka nichague. Nikisema nina kosa, nimejisingizia. Nikisema ni mgeni, nimemsingizia yeye, naye atauawa. Mimi sina kosa. Na yeye, nilimwona uso kwa uso kuliko yeyote kati yenu. Ni wa hapahapa. Amepakwa tope letu."

Mzee mmoja akauliza kutoka gizani, "Kwa hiyo mtu anaweza kuumwa bure?"

"Ndiyo. Mimi."

Nimehudhuria mabunge mawili na mahakama nyingi, na sikumbuki watu waliorudi nyuma kwa pamoja namna ile. Hawakumkasirikia. Walimwogopa. Kama mtu anaweza kuumwa bure, basi hakuna anayejua tena jinsi ya kuingia majini.

10 Januari

Hakuna anayekuja kwa Ermelinda kuomba moto. Nimekwenda mimi, ingawa wangu ulikuwa unawaka.

13 Januari

Maji: kipandio cha tatu. Ukingo wa tuta umeloa.

Leo niliona mamba akikokota matete kwa mdomo na kuyapiga juu ya tuta kwa miguu ya nyuma, kazi ya polepole, kama mtu anayeezeka. Sijawahi kumwona akila tangu nianze kumtazama. Kinachoendelea chini ya majani yale kinanishinda kukifikiria kwa utulivu. Yai linapumua kupitia ganda. Matete yanayooza ndiyo yanayolitia joto, na joto hilo ndilo litakaloamua nani atakuwa dume na nani jike. Tofauti ya digrii moja inatosha. Maji yakipanda juu ya yai na kukaa, kilichomo ndani kitakufa maji kabla hakijawahi kufungua mdomo. Jamii yake imefanya kazi hii tangu kabla ya kuwepo kwa kisiwa hiki, na bado kila mwaka inategemea kama mvua itakoma.

17 Januari

Felismina alikuja alfajiri na kapu la mahindi chini ya mtandio, ili mumewe asijue. Mvua ilikuwa imekatika na kulikuwa na baridi. Nilimwomba apande ulingo nami. Alipanda akilalamika juu ya magoti yake, kisha akaonyesha kidole upande wa matete.

"Nani kawasha moto kule?"

Tuta lilikuwa linatoa mvuke, mweupe, wima.

"Hakuna moto. Majani yanaoza, yanatoa joto. Mayai yako ndani."

"Na huyo aliyelala pembeni?"

"Mama yao."

Felismina amezalisha nusu ya kijiji. Anawaweka wanawake kando ya moto baada ya kujifungua, anafunga mlango, na mpaka siku ya kumtoa mtoto nje na kumwosha macho hakuna anayepeleka ugomvi wala dai wala kesi kwenye mlango ule. Alishika ukingo wa ulingo kwa mikono miwili.

"Mama yangu mzazi," akasema polepole. "Yuko motoni yule, amejifungua." Kisha: "Na sisi tunamwita Babu! Miaka yote! Mtu ana tumbo, tunamwita Babu!" Akaanza kucheka, machozi yakamtoka, akashuka ngazi haraka kuliko nilivyotarajia magoti yake yangeweza. "Klau! Ngoja nimpate Klau."

18 Januari

Klau alikaa juu ya ulingo tangu asubuhi hadi jioni. Alikuja na tambuu tu. Nilitarajia hotuba.

"Huyu si Babu," akasema.

"Ni jike."

"Nimesikia jana. Nauliza tena ili wakiniuliza niseme niliuliza mara mbili. Atakaa mpaka lini?"

"Mpaka watoto waite."

"Waite wakiwa wapi?"

"Ndani ya mayai. Wakikomaa huita, mama akisikia hufukua."

Alihamisha tambuu shavu hadi shavu. Mamba alizama dimbwini bila kutikisa maji, akaibuka upande wa pili. Klau alimfuata kwa macho kama mtu anayesomewa jambo.

"Na wasipoita?"

"Watakuwa wamekufa. Maji yamefika chini ya tuta, mzee. Sijui yameingia kiasi gani."

Jioni alikwenda barazani kwa Ermelinda, Agapito akiwapo, nami nikiwapo.

"Kesi haipelekwi nyumba ya mzazi," alisema. "Kesho natundika katazo kwenye matete, asipite mtu. Kesi imesimama, kwa hiyo tutachimba mchanga. Watoto wakitoka, pale palikuwa mlango wa mzazi na Ermelinda alipita bila kujua. Wasipotoka, ni rundo la majani tu. Ermelinda atasema kosa lake."

"Na polisi?" Agapito akauliza.

"Wasipotoka, fanya na bunduki yako upendavyo."

Ermelinda alikuwa akipaka mguu mafuta. "Kwa hiyo kosa langu liko ndani ya yai."

"Liko humo."

"Afadhali. Mpaka leo lilikuwa mdomoni mwako."

Nilidhani Klau atakasirika. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyelipwa sawasawa.

22 Januari

Tumechimba.

Siku tatu zilizopita, kama alivyoahidi, Klau alifunga makuti machanga kwenye miti mirefu kuzunguka matete, akaomba kwa sauti ya kawaida, sauti anayotumia kuulizia spana. Leo watu wote walishuka: majembe, masepeto, masufuria, mikono. Ermelinda hakuruhusiwa majini. Alikaa juu ya mchanga mkavu akipiga ngoma ndogo ya kiunoni, kwa sababu mpigaji wa kawaida ana homa na hakuna aliyekumbuka kumkataza.

Maji yalipita kwanza kama uzi. Kisha mfereji ukaanza kujichimba wenyewe, kingo zikaanguka kwa vipande vikubwa, watu wakakimbia pande mbili wakipiga vigelegele. Ziwa lilitoka likiwa jeusi, likaingia baharini na kuipaka rangi hadi mbali.

Ndipo ngoma ikasimama. Ermelinda ndiye aliyeona kwanza, kwa kuwa yeye tu hakuwa akitazama miguu yake.

Alikuja na mkondo, katikati ya mfereji, bila kuogelea. Kwanza kichwa, ambacho nilikidhania gogo mpaka nilipoona jicho. Kisha shingo, kisha mgongo, magamba yamesimama safu kwa safu kama vibao vya kuezekea, kisha mkia wenye urefu wa mtu na nusu. Watu walikuwa wamesimama pande zote mbili, karibu kiasi kwamba wangeweza kumgusa kwa jembe. Hakuna aliyeinua jembe. Mtoto mmoja alianza kulia, mama yake akamfunika mdomo. Mita tano, kama walivyosema. Nilikuwa nimejiandaa kuipunguza hesabu yao. Meno ya chini yalionekana ingawa mdomo ulikuwa umefungwa, na kandokando ya taya niliona vidoti vyeusi ambavyo kwavyo husikia kila kitu kinachogusa maji. Kila mguu uliokuwa majini pale alikuwa ameshausikia. Hakugeuza kichwa kwa hata mmoja.

"Babu," alisema Klau, "pita salama."

Wimbi la kwanza lilimwinua. Kwa kitambo alilala juu yake mzima, mwanga wote mgongoni, kisha bahari ikamchukua upande wa mashariki.

Watu walibaki wamesimama. Nadhani wengi walikuwa wamemwita jina hilo maisha yao yote bila kujua walikuwa wakimwita nani.

Felismina ndiye aliyerudisha akili zetu. "Haya. Babu ameondoka. Mmemwona? Sasa twendeni ulingoni mkamwone aliyebaki."

Walipanda watatu watatu. Alikuwa kando ya tuta lake.

3 Februari

Maji: chini ya kipandio cha kwanza. Mpunga wa juu umepona. Tuta limeacha mstari wa tope kuonyesha maji yalikofika, na mstari huo uko juu kuliko nilivyotaka. Mayai ya chini sidhani kama ni mazima. Ya juu sijui.

4 Februari

Ermelinda aliniuliza kama ya juu yatapona. Nilimwambia sijui. "Leo sema uongo kidogo," akasema. Sikuweza.

14 Februari

Nguruwe jike wa Agapito alivunja zizi, akapita chini ya makuti ya katazo, akaanza kufukua tuta. Nilikuwa ulingoni. Sikuona mwanzo wa tukio, kwa sababu halikuwa na mwanzo: nguruwe alikuwa anafukua, kisha dimbwi lilikuwa juu yake. Alipiga kelele mara moja.

Agapito alikuja akipiga mayowe. "Mmeona! Mmeona tabia ya mgeni!"

"Nguruwe wako anajua kusoma katazo?" Klau akamwuliza.

"Hajui!"

"Basi mwenye nguruwe anajua. Leta tambuu uombe radhi."

Kijiji kilicheka mpaka jioni. Agapito hakucheka. Amepanda mnazi, amewapigia polisi tena.

21 Februari

Mvua ndogo. Mkondo wa bahari umerudisha mchanga na kuziba mfereji. Klau huja ulingoni kila siku baada ya kazi, hutazama tuta, huondoka. Mwanzoni nilidhani anamvizia Ermelinda. Sasa naona kwamba Agapito, aliyekuja na mlango wazi, alitaka jambo liishe. Klau anataka kujua kama ni kweli. Nilifanya kazi miaka yote na watu wa aina ya kwanza.

27 Februari

Mamba ameweka taya lake juu ya tuta. Amelala hivyo tangu juzi, hatikisiki. Tumepanda mahindi mapya, tumekula mahindi ya zamani. Hakuna sauti. Ermelinda amekunja nguo zake mbili ndani ya kapu. Nilimwuliza anakwenda wapi. Kwa dada yake kijijini Betano, asema, kama ni rundo la majani tu. Hatasema kosa ambalo hakulifanya, kwa hiyo hatakuwa na ziwa, na bila ziwa hana sababu ya nyumba.

5 Machi

Tulikuwa wanne ulingoni asubuhi: Klau, Felismina, Ermelinda na mimi. Ermelinda alipanda kwa mara ya kwanza tangu aumwe. Ilimchukua muda, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu alitukataza.

Felismina ndiye aliyesikia. "Nani kafungia vifaranga vya bata?"

Sauti ilitoka ndani ya tuta. Kilio kimoja, chembamba. Kikajibiwa na kingine. Kisha vingi, vikipandiana, chini ya majani, mahali ambapo hakuna kitu kilichowahi kuonekana.

Mamba alifungua macho. Alianza kufukua kwa miguu ya mbele, kisha kwa mdomo, akitupa matete pembeni. Nguvu zilezile zilizomkatisha nguruwe sauti, sasa zilikuwa zinaondoa jani baada ya jani. Mayai ya chini yalipotokea yalikuwa ya kijivu; aliyanusa, akayaacha. Niliyahesabu mpaka nikaona sina haja. Klau aliyaona pia. Alishika goti lake.

Kisha ya juu. Kichwa kimoja kilitokeza kwenye ganda, si kikubwa kuliko kidole gumba, tayari na meno, tayari kikiita. Mama alifungua taya. Nilisikia pumzi ya Ermelinda ikisimama kando yangu. Taya lilishuka, likafungika, na kilichomo ndani kiliendelea kuita. Alitembea nacho hadi majini, miguu mirefu, tumbo limeinuka, akazamisha kichwa na kukitikisa taratibu, na mtoto akatoka kati ya meno akiogelea. Alirudi. Akachukua wawili. Akarudi. Yai moja lilikuwa zima na linaita. Alilichukua akalizungusha ulimini, akalibana kidogo, kidogo zaidi, mpaka ganda likapasuka na mtoto akabaki mzima.

Aliyebana vile ndiye aliyembana Ermelinda mguu. Ermelinda alikuwa amekunja sketi, ameweka kiganja juu ya makovu, na macho yake hayakutoka kwenye taya lile.

"Alijua," alisema. "Siku ile alijua anabana kiasi gani."

Niliona ishirini na kitu wakifika majini, wengine walinipita. Vichwa vidogo vilijipanga juu ya kichwa chake na mgongoni. Korongo wawili walikuwa wamekwisha kufika ukingoni, na samaki wakubwa wako chini. Katika wote hao, akipona mmoja mpaka kuwa mkubwa, utakuwa mwaka mzuri.

Felismina alilia waziwazi, akisema wote wazima, wote wazima, kama anavyosema chumbani kwa mzazi. Klau alishuka ngazi. Ermelinda alimtazama akienda mpaka alipopotea nyuma ya mnazi.

8 Machi

Klau hajasema. Kapu la Ermelinda bado limefungwa.

12 Machi

Barabara imefunguka. Polisi wawili na bunduki moja wamefika kabla ya saa ya chakula, Agapito mbele yao. Waliketishwa barazani kwa Klau, mahali penye kivuli, kati ya matairi. Felismina akawapa kahawa na ndizi za kukaanga. Watu walijaa mpaka barabarani.

Koplo, kijana wa mji wa Maliana, alimwita Ermelinda.

"Mama, wewe ndiye uliyeumwa?"

"Ndimi."

"Tumeambiwa aliyekuuma ni mgeni."

"Si mgeni. Ana watoto hapa."

"Nimemwona huko, anaelea nao kichwani. Sitampiga risasi mzazi, sitaki kulala vibaya." Akanywa kahawa. "Lakini kwetu pia tuna Babu, mama. Kama si mgeni, basi kosa ni lako."

Watu wote walikuwa wamemgeukia Klau, ambaye alikuwa na tyubu mapajani, anaisugua kwa msasa kabla ya kuweka kiraka. Hakuinua kichwa.

"Hana," alisema.

"Umesemaje, mzee?"

Klau alipuliza vumbi kwenye tyubu, akaishika juu, akaitazama kwenye mwanga.

"Hana kosa. Alipita mlango wa mzazi bila kujua. Sisi sote tulikuwa hatujui. Mimi ndiye ninayesema hapa, na nimesema. Kunyweni kahawa."

Ermelinda alisimama. Sikumwona akilia wala akicheka. Alikwenda nyumbani kwake akichechemea, akatoka na wavu wa uduvi begani, akapita tena mbele ya baraza, mbele ya koplo na bunduki na sisi sote, akashuka njia ya ziwa. Aliyazunguka makuti ya katazo kwa mbali.

"Ningoje, wewe!" Felismina akaita, akiweka birika chini na kukaza kanga. "Unakwenda peke yako, una wazimu?"